Bunduki za Kiwanda Kimoja

Ijumaa moja, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilianzisha upya vita vya Ogaden katika chumba cha vitanda vinne, Industrial Area, Doha. Nia yangu ilikuwa elimu.

Dereva Mhabeshi alikuwa akituonyesha kwenye simu picha ya marehemu baba yake, askari, bunduki begani. Dereva Msomali, aliyekuwa akikata vitunguu, akachungulia. "Mzee wangu naye alipigwa picha na bunduki kama hiyo." Wote wawili wana mvi, wote walipitia Nairobi wakaokota Kiswahili, na kwa miaka minne walikula pamoja. Kila Ijumaa Msomali alipika wali na nyama ya mbuzi, na pembeni sufuria ndogo ya dengu, kwa kuwa Mhabeshi ni Mkristo wa kufunga na Ijumaa hali nyama. Mimi nilileta mchele na kuosha vyombo.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nimejisomea historia miaka ishirini bila mwalimu wa kunizuia. Nikachana boksi tupu la chupa za maji, nikachora mishale.

Nikawaeleza kwamba Moscow iliwapa silaha Wasomali, na Washington Wahabeshi. Kisha wanajeshi wa Ethiopia wakampindua mfalme wao, wakajitangaza wakomunisti. Somalia, iliyojitangaza hivyo mapema zaidi, ikavuka mpaka mwaka 1977 kuidai Ogaden. Moscow ikahamia kwa Wahabeshi, ikaleta na Wakuba. Baadaye Washington ikawaokota Wasomali. Yote kwa ajili ya itikadi, kama wageni wanaobadilishana viti harusini.

"Kwa hiyo," nikahitimisha, nimeridhika na mchoro, "wazee wenu walilengana kwa bunduki za kiwanda kimoja."

"Baba yangu alirudi na mguu mmoja," Mhabeshi akasema.

"Wangu hakurudi."

Miaka minne, na hawakuwahi kuulizana.

Dengu hazikupikwa siku hiyo. Jioni Mhabeshi alinunua jiko lake. Kila mmoja akaninong'oneza kwa wakati wake: "Mwalimu, njoo ule kwangu." Nikatangaza kwamba sifungamani na upande wowote. Msimamo huo una historia ya heshima, ila hauna chakula. Nikaanza kula kwenye hoteli ya Wahindi karibu na kituo cha basi, mlo mmoja kwa siku.

Ijumaa ya pili baada ya ile, nilirudi kutoka zamu nikawakuta wameketi sakafuni, sinia katikati. Sufuria ndogo ya dengu, bado ya moto, ilikuwa imetuliwa juu ya boksi langu, mahali penye Moscow.

"Nani alianza?" nikauliza, kwa ajili ya kumbukumbu.

"Wewe," wakajibu pamoja.

Msomali akanisogezea nafasi. "Kaa, mwalimu. Ila ukichora tena, utakula kwa Warusi."

Hasara ya vita, kwa asiyefungamana: milo kumi na minne ya riyali kumi na mbili, jumla riyali mia moja sitini na nane.