Maneno Tisa ya Uwanjani

Kocha wetu hakuwa anatoa maelekezo bila kuziba mdomo. Alikuwa na karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, anaiweka mbele ya midomo kama mtu anayeficha meno mabovu, ndipo anaongea. Hata siku aliyoniuliza choo cha uwanja kiko wapi, aliiweka. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Huyu mzee aliwahi kuwa kwotabeki wa kulipwa kwao Amerika. Kwa asiyejua mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepewa mpira wa kwanza, halafu ana kama sekunde tatu za kuamua aurushe kwa nani, huku majitu manne yanakimbia kuja kumlaza chini. Alitusimulia kazi yake yote siku moja ya mvua, tumejibanza chini ya bati la uwanja. Alizunguka timu baada ya timu, karibu kila mahali akiwa wa pili, mtu wa kukaa benchi na kofia ngumu, safi, isiyo na tope. Alipokuja kupewa mechi yake kubwa, wapinzani walikuwa wanajua kila neno analopiga kelele. Mwenzake mmoja aliyeachwa na timu wiki moja kabla alikuwa amesajiliwa upande wa pili, na maneno yote kichwani. Baada ya mechi ile kocha alipigiwa simu moja, basi, kazi ikaisha.

"Toka siku hiyo simwamini hata mbwa wangu," alisema, karatasi mdomoni.

Mimi kwa asili si mtu wa kushuku watu. Nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, tumelala wengi nyumba moja, ukianza kushuku watu huko hutapata usingizi. Sasa naishi Campbelltown, pembeni mwa Sydney, Australia, na Mama, na kazi yangu ni kuendesha foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, ghala moja Wetherill Park. Huko ndiko mkono wangu ulipogunduliwa. Tulikuwa tunarushiana magurudumu ya utepe wa gundi wa kufungia maboksi, toka mwisho wa korido hadi mwisho, na mimi nilikuwa simkosi mtu. Msamoa mmoja wa zamu yetu akaniangalia wiki nzima, halafu akaniambia njoo Jumamosi uwanjani, acha kupoteza huo mkono kwenye gundi. Nilikwenda. Baada ya hapo, kwenye treni, safari ile ndefu ya kurudi nyumbani, nikawa sifanyi kitu kingine ila kutazama makwotabeki kwenye simu na kujiona mimi ndani ya kofia zao.

Nilikwenda na rafiki yangu, Mmombasa anayekaa Auburn, ambaye ndiye alikuwa anadaka yale magurudumu ya gundi. Mrefu, mikono kama makoleo. Yeye ndiye kila siku ananitania Kiswahili changu.

"Wewe Mkongo, hilo sio 'bale watu'. Ni 'wale'. Umeenda shule gani?"

"Ile isiyokuwa na madawati."

"Basi shika mpira, usishike lugha."

Kocha alimweka adake mipira yangu, na akamfanya kwotabeki wa pili, kwa kuwa na yeye alikuwa anarusha vizuri. Wazo la Kiswahili lilitoka kwetu sisi wawili. Kwotabeki akishaona walinzi wamejipangaje, anabadilisha mpango papo hapo kwa kupiga kelele neno moja au mawili, na wapinzani wanasikia. Tukasema, kwa nini tuhangaike na mafumbo? Nani hapa Sydney anajua Kiswahili? Tukawafundisha wenzetu maneno tisa: kushoto, kulia, kati, mbali, karibu, juu, rudi, subiri, haya. Wasamoa, Walebanoni, na wale vijana wazungu wa Penrith, iliwachukua miezi kuyashika. Kocha aliyapenda hadi akashusha karatasi yake akacheka na meno yote yakaonekana. Yalikuwa mazuri tu.

Tulishinda mechi tatu kama mchezo. Halafu kocha akatuita mimi na rafiki yangu pembeni. Alisema mwenzake wa zamani, ambaye kazi yake sasa ni kutafuta vijana wa kwenda kucheza na kusoma chuo huko Amerika, atapita Sydney wakati wa mechi yetu ya mwisho. Angemwonyesha kwotabeki mmoja. Mmoja tu. Atakayekuwa anacheza vizuri zaidi ndiye atakayeanza siku hiyo.

Rafiki yangu alinipiga bega. "Ni wewe huyo, ndugu yangu. Mimi n'takudakia tu."

Nilifurahi. Ila usiku ule nilijiuliza kwa nini alisema haraka hivyo.

Mechi iliyofuata mambo yakaharibika. Nilipiga kelele kushoto, walinzi wao wakahamia kushoto kabla mpira haujaondoka. Nilisema mbali, wakarudi nyuma. Nilisema kati, wakajaa kati kama watu wanaogombea chakula. Tulifungwa vibaya. Tukaenda kuvua mabuti.

"Kuna mtu ana mdomo," kocha alisema.

Mmoja akasema tubadilishe maneno. Kocha akakataa. "Mkibadilisha, mwizi atajua tumejua. Acheni hivyo hivyo. Nataka nimshike."

Basi nikaanza kuhesabu. Watu wanaojua Kiswahili pale uwanjani ni wangapi? Nikapata wawili: mimi na yeye; wenzetu wengine maneno tisa tu yaliwachukua miezi, wasingeweza kumfundisha mtu. Na kama si mimi, je? Tena nikifungwa mimi, nani anaanza mbele ya mgeni wa Amerika? Hesabu haikuwa ngumu, na mimi hesabu sijaisoma sana.

Ukishaanza kumtazama mtu kwa jicho hilo, kila kitu chake kinakuwa ushahidi. Kila Jumamosi kabla ya mechi alikuwa anajitenga nyuma ya gari na simu, anaongea kwa sauti ya chini. Siku moja nilipita karibu, akanyamaza. Siku nyingine nilishuka Auburn kununua nyama, nikamwona mlangoni pa duka anacheka na jamaa ambaye wiki moja kabla alinilaza kwenye nyasi. Walisali msikiti mmoja, hilo nilikuwa nalijua tangu zamani, lakini siku ile nililiona kama jipya. Kazini nilianza kula peke yangu. Nilimwambia nina kiungulia.

"Kiungulia wiki mbili? Kamwone daktari," alisema, akanisogezea nusu ya sambusa zake. Nilizila huku namshuku. Zilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera.

Timu ya wiki iliyofuata ilikuwa nyingine kabisa, na wao pia walijua. Hapo ningepaswa kusimama nikajiuliza, huyu mtu anaweza vipi kuuza maneno kwa kila timu ya jiji? Sikujiuliza. Nilijiambia ndiyo maana simu yake haikauki.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha siku hizo. Mama, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, alikuwa amebadilishiwa zamu, akaweza kuja kunitazama. Alikuja na kitenge chake cha kanisani na ndoo ya mandazi. Uwanja wetu una kivuli upande mmoja tu, ule wanaopewa wageni. Akaenda kukaa huko huko, katikati ya wazazi wa wapinzani, akawapitishia ndoo. Mama hawezi kula mbele ya mtu asiyekula, na mgeni kwake lazima asalimiwe, asikilizwe, aoneshwe kwamba amefika kwa watu. Kila nikiingia uwanjani nilimpungia mkono, na yeye alisimama akanipungia na andazi.

Siku ya mechi ya mwisho kocha alinianzisha mimi. Alikuja karibu na karatasi mdomoni. "Nimekuchagua. Usimwangalie mtu yeyote ila mpira." Yule mgeni wa Amerika alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miwani ya jua, hatabasamu. Rafiki yangu alikuwa nyuma ya gari na simu.

Tukaanza. Nikasema kulia, wakaenda kulia. Nikamwangalia rafiki yangu: yuko peke yake upande wa kushoto, ameinua mkono, hana mlinzi hata mmoja. Mtoto angemrushia. Mimi nikasema moyoni, huo ndio mtego wenyewe. Nikarusha kwingine, ukadakwa na wao. Mara ya pili yuko peke yake, sikumpa. Mara ya tatu. Mara ya nne nilirusha kwa mtu aliyezungukwa na watatu, wakauchukua wakakimbia nao hadi mwisho. Kocha akanitoa. Alimweka rafiki yangu mahali pangu, hakuniangalia.

Nilikaa benchi na kofia yangu. Mbele yangu rafiki yangu akapiga kelele, "Kati!" na walinzi wakajaa kati. Nikashangaa. Sasa anajiuza mwenyewe? Mpira ukagonga bega la mtu, ukatoka nje, ukaviringika hadi nyuma ya upande wa kivuli. Nikasema niende niulete, angalau nipate pa kuweka miguu.

Nilikuwa nimeinama nauokota ndipo nilipoisikia sauti ya Mama. Uwanjani walikuwa wameshapewa mpira mwingine, na rafiki yangu alikuwa amesema, "Kushoto! Mbali!" Na Mama, kwa Kiingereza chake cha kazini, taratibu kama anavyowaeleza wale wazee dawa zao, akamwambia kocha msaidizi wa wapinzani aliyesimama hatua mbili mbele yake, andazi mkononi: "Now he say left. And far. Very far."

Yule jamaa akapiga mluzi, akanyoosha mkono kushoto.

"Ni lugha yetu," Mama aliendelea kumwambia mama mmoja wa kizungu aliyekuwa pembeni yake. "Mwanangu ndiye aliwafundisha wote." Uso wake ulikuwa unang'aa. Miaka yote tuliyokaa nchi hii, watu wanamuuliza Mama kadi, tarehe ya kuzaliwa, sahihi. Sijawahi kuona watu wamekaa wamemzunguka wanamuuliza kitu ambacho yeye anakijua na wao hawakijui.

Nilisimama pale na mpira. Ningeweza kurudi benchi. Rafiki yangu angeendelea kushindwa, kocha angemtoa, na mimi ningerudi mbele ya ile miwani ya jua. Sitaki kudanganya, wazo hilo lilikaa kichwani muda wa kutosha. Ningeweza pia kumwambia, Mama, nyamaza, unatumaliza. Ila nilimjua. Asingekuja tena uwanjani, na asingemweleza mtu kitu tena.

Nikamrushia mwamuzi mpira, nikaenda nikakaa chini mbele ya Mama, mgongo kwake.

"Mama, bega linaniuma."

"Wapi?"

"Hapa. Sana."

Ndoo ikawekwa chini. Mkoba ukafunguliwa, dawa ya kuchua ikatoka, ile inayonuka hadi ng'ambo ya barabara. Mama ana vidole vya mtu anayekanda migongo ya wazee kila siku, na akianza hasikii la mtu. Uwanjani rafiki yangu akapiga kelele. Walinzi wakamwangalia kocha msaidizi wao, kocha msaidizi akamwangalia Mama, Mama akaliangalia bega langu.

"Anasema nini sasa?" yule jamaa aliuliza.

"Wait. My son is sick."

Akauliza tena, akapewa andazi.

Nilikaa pale hadi filimbi ya mwisho, nikinuka dawa, na nikamtazama rafiki yangu akirusha. Nilikuwa sijawahi kumtazama vizuri. Alikuwa anajua kweli. Tulishinda kwa pointi chache, na yule mgeni wa Amerika alivua miwani akaenda kumshika mkono.

Kocha alinisubiri karibu na gari lake.

"Ulikuwa unafanya nini upande ule?"

"Mama alikuwa ananikanda bega."

"Nusu mechi? Pamoja na kocha wao?" Alitikisa kichwa. "Nilivyokutoa wewe, haikupita muda maneno yakaacha kuvuja."

Niliona alikofika, na kwa hesabu zake alikuwa sahihi kama mimi nilivyokuwa sahihi kwa zangu. Nikajitwisha begi langu. Wenzangu wakaja kumuuliza kuhusu sherehe, na yeye kabla ya kuwajibu akainua karatasi yake, akaiweka mdomoni, upande wangu.

Sikuitwa tena mazoezini, na wiki za mwisho kabla rafiki yangu hajasafiri kwenda Amerika tulisalimiana tu. Jumapili moja akaja nyumbani Campbelltown kumuaga Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai iko." Mama akammiminia. "Ile siku ulicheza vizuri, lakini sikuona mwisho, huyu bega lake. Mwanzo niliona. Niliwaelezea bale wageni maneno yenu yote, moja moja. Walipenda sana lugha yetu."

Rafiki yangu alishika kikombe, hakukinywa. Aliniangalia. Niliangalia meza.

"Ahsante, mama," alisema polepole. "Umewaeleza vizuri."

Mama alipoingia jikoni nikamwambia, "Nilidhani ni wewe."

"Najua. Mara nne niko peke yangu, mkono juu, hunipi mpira. Ulidhani mimi kipofu?"

"Na zile simu?"

"Nyanya yangu, Mombasa. Kila Jumamosi lazima anisomee dua kabla sijacheza, halafu ananiuliza nitaoa lini. Ningeyasema hayo mbele ya Wasamoa?" Alikunywa chai kidogo. "Nikimwambia kocha, atakurudisha."

"Atauliza aliyevujisha ni nani, basi."

Alitazama mlango wa jikoni. Mama alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, anamfungia mandazi ya safari kwenye karatasi ya aluminiamu.

"Haya," alisema, na lile lilikuwa neno letu la tisa, la kuanza mchezo.

Sasa niko timu nyingine, ng'ambo ya mto, na mkono bado mzima. Mama anakuja. Kabla ya kila mechi natafuta kwanza kivuli kiko upande gani, halafu nabeba kiti chake mwenyewe naenda kukiweka huko, kati ya wageni, mahali anapopenda. Uwanjani tunatumia namba.