Kibuyu Kilichofika Ukweni Hakijafunguliwa

Watu walisema mtoto wa kijiji cha Kitahana kama mimi ndege ataziona angani tu. Juzi nikirudi nyumbani, kwenye duka la uwanja wa ndege, dada muuzaji alifunga wiski yangu ndani ya mfuko wa nailoni, akaubana mdomo.

"Kaka, usiufungue njiani. Ukiufungua, wakaguzi watakunyang'anya chupa unapobadilisha ndege."

Nikacheka. Sheria hiyo niliijua tangu utotoni.

Alasiri moja nilimfuata mama akipeleka pombe ya ndizi ukweni, kumposea mjomba mke. Kibuyu kilizibwa kwa majani ya mgomba, na harufu yake tamu ilivuta nyuki. Tulipopita kijiji cha Kumsenga, wanaume waliokuwa wakipalilia walituita.

"Mama, tuonjeshe kidogo. Nani atajua?"

"Wakwe watajua. Kama ni kiu, mto uko kule."

Nilidhani mama ni mchoyo. Kumbe pombe iliyofunguliwa njiani ingerudishwa, na posa ingevunjika. Mzee wa ukweni alipapasa fundo la majani, akanusa, kisha akaagiza mirija ya kunywea iletwe.

Mjomba akapata mke. Mama alipofariki, mke huyo ndiye aliyenilea, akauza maharage yake kila msimu mpaka nikapata diploma.