Joho la Adui wa Angani

Mume wa dada yangu simpendi, na nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia upole. Alikuwa na tabasamu lisilokauka, la mtu aliyeshiba chakula cha mwenzake.

Baba yetu alikuwa mchora mabango pale Kizota. Ukungu ulipomzidi machoni, akatuita mimi na shemeji akasema hatachora tena, na kwamba kazi itakayofuata ndiyo itakayomwonyesha amwachie nani karakana: mimi bintiye niliyelelewa kwenye harufu ya rangi, au mkwewe aliyekuja na begi moja. Nilicheka moyoni. Nilijua ni yangu.

Enzi za ruksa zilikuwa zimeingia na maduka ya mjini yakafurika vitu vya nje. Mfanyabiashara mmoja wa Kondoa akatujia na shauri. Wanafunzi, na watoto wa wafanyakazi wa serikali, walikuwa wanamlilia yule adui mkuu wa sinema ya anga, mwenye kofia ya chuma na joho refu. Vinyago vyake vya nje havishikiki kwa bei, basi tumtengenezee vya kwetu. Shemeji akawa anayeyusha masufuria mabovu na kumimina vinyago kwenye mchanga, kila kimoja kimo cha kidole gumba. Kupaka rangi ikawa kazi yangu.

Adui huyo nilimjua. Nilimtazama kwenye banda la video la mtaa wa Kikuyu, kwenye TV ndogo isiyo ya rangi, na nilivyomwona alikuwa mweusi tii, kofia hadi joho. Basi nikampaka weusi. Brashi niliipunguza mpaka zikabaki nywele chache, nikawa nabana pumzi kila nikipitisha, na mikunjo ya joho nikaitia kijivu kidogo ili ionekane. Jamani, vilipendeza! Sijisingizii unyenyekevu hapa. Shemeji alikuwa akipita nyuma yangu anainama na kusema, "Mikono hiyo, shemeji! Mungu akupe nini tena?" Kopo la rangi nyeusi lilipoisha, yeye ndiye aliyenifungulia jingine.

Mfanyabiashara akaja kuchukua mzigo wake. Alikigeuza kinyago kimoja, akakigeuza tena.

"Huyu nani?"

"Si ndiye adui wako wa angani?" nikasema.

"Joho lake jekundu, dada. Jekundu kama damu ya kuku. Watoto watanizomea." Akakirudisha kwenye boksi na kuondoka mikono mitupu.

Shemeji akaangua kicheko. "Mimi nilimwona Dar kwenye TV ya rangi. Joho lile linawaka!"

"Kumbe ulijua?"

"Aa, shemeji, utani tu. Kwani mashemeji hawataniani?"

Utani! Utani ni kumwambia shemeji yako kanenepa kwa ubwabwa wa ukweni. Kumwona mtu anachimba kaburi lake ukampa na jembe, huo ni utani wa wapi? Nilimtukana matusi ambayo hata sokoni yangewafunga watu midomo. Nilimwita nyoka, nikamwita mchawi, na ningekuwa na nguvu ningemmiminia kopo zima kichwani. Kisha nikamgeukia baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni.

"Baba, umesikia mwenyewe. Kakiri kwa mdomo wake."

"Nimesikia," akasema, akacheka kidogo puani. "Wewe mkono unao, mwanangu, sikatai. Lakini mji huu wa sasa utakumeza mzima mzima. Karakana inataka mtu mwenye hila."

Akatoa ufunguo mfukoni, akanyoosha mkono wa pili mbele kumtafuta wa kumpa. Na mimi, mjinga mimi, nikakinga wangu. Akaukamata. Akavipapasa vidole vyangu taratibu, kimoja kimoja, rangi ikiwa imekaukia juu yake, mpaka akanitambua. Akauachia, akaendelea kupapasa hewani.