Mbao Nne za Kulifikisha Gari Lamini

Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa Butembo. Nyumba yake ya hapa Goma iko ndani ya kichochoro cha mawe ya volkeno, na gari lenyewe, la mbio, lilikuwa chini kiasi kwamba paka angekwaruza mgongo akipita. Kulifikisha lamini kulitaka mbao nne: mbili unazitandika mbele, gari linapanda, zile za nyuma unazikimbiza mbele.

Mimi nilikuwa napita tu, kama kawaida yangu. Nikaona injini imelala nyuma ya viti, chini ya kioo, na miguu ikagoma kuondoka.

"Nitabeba mbao, papa," nilimwambia. "Tukifika kwenye lami, unipandishe."

"Tumbo yake ikigusa jiwe hata mara moja, utapanda chukudu, ile ya mbao ya kusukuma na muguu."

Mama mmoja muuza mandazi alipiga makofi. "Angalieni gari ya kutandikiwa njia sawa bibi-arusi!"

Kila ubao niliuliza swali. Turbo ni nini? Akaeleza kupitia dirishani: moshi, badala ya kutoka bure, unazungusha kigurudumu, nacho kinaisukumia injini hewa. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Nikasimama na ubao kichwani. Moshi wake mwenyewe!

"Beba mbao, muzee! Masomo kesho!"

Karibu kabisa na lami ubao ukayumba, gari likainama upande wangu. Nilivua kandambili nikaisokomeza kati ya ubao na jiwe. Ukatulia. Tumbo likapita juu ya mawe, nafasi ya kidole.

Nikapanda na mguu mmoja mtupu.

Nje ya mji, upande wa Lac Vert, barabara ilikuwa tupu, haina mtu. Alikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, injini ikanguruma mgongoni mwangu, kisha akaachia breki. Machozi yalinitoka yakaelekea masikioni. Gia zilipokezana bila kupumua: klachi ziko mbili, moja ikishika gia, nyingine imeshaandaa inayofuata. Nilikuwa nacheka kama mwendawazimu.

Halafu akafunga breki. Nilidhani ajabu ya gari hili ni kukimbia, kumbe ni kusimama! Mkanda ulinikaba, kicheko kikakatika katikati, na nilipopata akili mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania goti lake.

"Toa mukono, papa," alisema. "Mimi niko na bibi."

"Rudia hiyo breki," nikamwambia, bila kuutoa.