Niliripoti site iliyoandika kwamba ndugu yangu amepatikana Thika

Wakuu, niaje. Leo sina vichekesho. Hii kitu ilitupata kwa nyumba yetu na sijaongeza chumvi. Kama kuna mahali nimeruka, ni kwa heshima ya mama yangu tu.

Sisi ni watu wa Bungoma lakini tumekaa Mwiki, huku Ruiru, miaka mingi. Mimi, Nafula, nashona nguo, nina kibanda karibu na stage ya matatu.

Ndugu yangu mdogo, Barasa, alikuwa anapakia mizigo kwa factory moja Thika. Jumamosi moja alitoka kazini, akaambia wenzake anapitia sokoni kumnunulia mum viatu.

Tangu siku hiyo hatujamwona. Simu yake mteja, imezimwa.

Tulienda polisi. Tukazunguka mochari, na hiyo sitaandika. Nikapost picha yake Facebook na watu wakashare sana. Mungu awabariki wote.

Sasa asubuhi moja jirani alikuja akipiga vigelegele kutoka kwa gate. "Mama Nafula! Barasa amepatikana!"

Akatuonyesha simu. Picha ni ile yetu. Juu yake wameandika: KIJANA ALIYEPOTEA RUIRU APATIKANA THIKA AKIWA SALAMA, MANENO YAKE YATAKUTOA MACHOZI.

Mum alipiga magoti hapo hapo mlangoni akaanza kuomba kwa Kibukusu.

Mimi nikasoma. Mistari michache ya kwanza inasema yuko salama, yuko hospitali moja Thika, anaongea. Halafu kuna button ya "Endelea". Nabonyeza, inanipeleka kwa tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Narudi, nabonyeza ingine, tangazo la mkopo. Kila page ni sentensi moja na rundo la matangazo. Jina la hospitali hakuna popote.

Lakini mum hakungoja nimalize. Nikiinua macho, amevaa nguo ya kanisa, amekunja shati safi ya Barasa kwa mfuko, na anamimina uji kwa flask.

Ningemwambia nini, wakuu? Na mimi pia nilikuwa nataka iwe ukweli.

Tulizunguka hospitali za Thika moja baada ya nyingine. Ya mwisho, nesi mmoja alituuliza ni nani alituambia. Nikampa simu. Alisoma kidogo tu, akamshika mum mkono.

"Mama, hapa hayuko. Hawa watu wanaandika tu ndio mtu abonyeze. Pole sana."

Mum akamwuliza, "Sasa huu uji nimpe nani?"

Nilichukua flask mkononi mwake. 

Tukarudi nyumbani. Mum hakulia. Hakuitaja hiyo siku tena, nikadhani amekubali.

Mimi ndio nilibaki na hasira. Nilienda kwa customer wangu Njoroge, ako na cyber Kahawa Wendani na hutengenezea watu website. Aliangalia ile site, akatikisa kichwa.

"Nafula, hawa hawatafuti ndugu yako. Wanatafuta click. Ile kampuni ya matangazo ndio inawalipa, na iko na sheria zake. Huwezi danganya watu ndio waingie, na huwezi ficha tangazo likae ni kama button."

"Sasa tufanye aje?"

"Waandikie kwanza. Wakikataa, tunawaripoti kwa wenye matangazo."

Nikawaandikia wenye site kwa adabu. Huyo ni ndugu yangu, bado hajapatikana, tafadhali toeni hiyo story. Jibu lilikuja haraka: "Asante kwa kutusoma! Share na marafiki." Ni machine ilijibu. Nililia pale cyber mbele ya wanafunzi wa watu.

Basi tukaripoti. Link, screenshot, maelezo kila kitu. Tukichimba ndani ya ile site tukapata story za watoto wengine waliopotea, maneno ni yale yale, wamebadilisha tu jina na mji. Hizo pia tukaripoti.

Kimya.

Tukarudia. Nikaomba watu wa kanisa nao waripoti. Bado kimya. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, aki.

Halafu siku moja matangazo yakatoweka kwa ile site, zikabaki nafasi nyeupe. Baadaye site yote ikakataa kufunguka. Njoroge alinipigia akipiga kelele, "Ngai! Wameenda!"

Nilicheka, wakuu. Nilikuwa nimesahau kucheka. Nikafunga kibanda mapema nikimbie kumwambia mum.

Nilimpata ameketi kwa kitanda na simu yake. Kabla nifungue mdomo akaninyooshea.

"Nafula, hebu angalia hii simu. Barasa hafunguki."

Sikuelewa. Nikachukua simu. Ni ile page. Kumbe jirani alikuwa amemwekea, na kila asubuhi kabla ya maombi alikuwa anaifungua. Hakuwa anabonyeza "Endelea". Alikuwa anasoma ile mistari ya juu tu, anafunga.

"Mum, hiyo si ilikuwa uongo? Si tulienda pamoja?"

"Najua ni uongo. Mimi si mjinga. Lakini ni hapo peke yake wameandika yuko salama."

Siku hiyo nilishindwa kumwambia ni mimi. Nilimwambia Jumapili tukitoka kanisani. Alitembea kidogo, akasema, "Ulifanya vizuri. Kuna akina mama wengine." Kufika nyumbani akaingia jikoni kuosha vyombo, na nikamsikia akilia vile hakuwahi kulia tangu Barasa apotee.

Barasa bado. Tunatafuta.

Kile nimejifunza: ukiona site ya aina hiyo usishare, hata kwa huruma. Wewe ripoti kwa wenye matangazo, na wakinyamaza ripoti tena. Pesa ikikatika huwa wanafunga. Hiyo sijuti.

Najuta tu kwamba sikumwuliza mum kwanza. Ningekaa naye tusome hiyo mistari mara ya mwisho, tuifunge sisi wenyewe.

Wale mmepotelewa na mtu, mzazi akiuliza asubuhi kama kuna habari, huwa mnamjibu aje? Niandikieni hapa chini. Nitasoma zote.