Fumba la Shaweji

Harufu ya ukindu uliolowa hunitia hasira mpaka leo, na uzee huu nilio nao. Wengine huwakumbusha mikeka mipya na shughuli za harusi. Mimi hunirudisha Maparoni, wakati wa vita vya Maji Maji. Askari wa Mdachi walichoma ghala letu la mtama kule Mtawanya, na nyumba pia, kana kwamba mtama nao ulikuwa umeshika mkuki. Baba alikuwa amekwisha kunywa dawa ya vita na kwenda kupigana. Mama akatuchukua mimi na mdogo wangu Shaweji, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, tukashuka na mto hadi visiwani huko Maparoni kwa dada yake, Bi Zaina, aliyeolewa na mkata mikoko. Aliyetuongoza ni baba mdogo. Naye alikuwa ameinywa dawa ile ile, ila miguu yake ilipenda njia zisizokuwa na risasi.

Bi Zaina alitupokea kwa wali, samaki na amri. Maji ya kisima chao yalikuwa ya chumvichumvi, tusiyanywe mpaka yachemke, na Shaweji apewe madafu. Jua likitua, kila mgeni aingie ndani ya fumba, yaani mkeka ulioshonwa mfano wa gunia, ajifunge humo hadi asubuhi, kwa kuwa mbu wa mikokoni hawana huruma na damu ngeni. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Hata yeye alipoletwa huko bibi harusi alilala fumbani. Humo ndani mlikuwa na joto na ukindu ulinuka unyevu, lakini Shaweji alicheka, akidhani ni mchezo wa kujificha. Tukaanza kuzoea.

Jioni moja baba mdogo akatukuta tunajifunga, akawaka. Alisema dawa aliyokunywa baba inailinda nyumba yake yote. Mtu wa nyumba hiyo akimkimbia mbu, amekiri kuwa dawa ni maji matupu, na dawa ikidharauliwa nyumbani huvunjika vitani. Mama alimsihi amwachie fumba huyo mdogo tu.

“Shemeji,” akamjibu, “mfunike mwanao. Risasi ikimpata mumeo, usiulize imetoka wapi.”

Mama alimtoa Shaweji fumbani, akamlaza mkekani, akawa anampepea kwa upindo wa kaniki yake mpaka mkono ukamlegea kwa usingizi. Bi Zaina aligomba hadi sauti ikamkauka. Akaambiwa mwanamke hayajui mambo ya vita. Na yeye baba mdogo, shujaa wetu, alilala jikoni penye moshi wa makumbi, mahali mbu wasipoingia, ati analinda mlango.

Homa ilimshika Shaweji, akatetemeka juani adhuhuri. Bi Zaina alimchemshia majani machungu, akayatapika. Alifia mapajani mwa mama. Tulikuwa bado matangani alipokuja mtu wa kwetu na habari kwamba baba alikwisha kuuawa, tena kabla hatujapanda mtumbwi wa kuja visiwani. Mama alikuwa akimkinga maiti kwa mwili wa mtoto aliye hai.

Siku hizi wajukuu wangu wakienda visiwani kuvuna mpunga huchukua chandarua na vidonge vya zahanati, na huchemsha maji bila kumwomba shemeji ruhusa. Nafurahi, kisha nakasirika kwa kuwa kinga haikuwa kitu kigeni hata siku zile. Ilikuwa imeshonwa tayari, imetandikwa. Simchukii aliyekwenda kumkabili Mdachi. Baba alitoa kifua chake mwenyewe, Mungu amrehemu. Baba mdogo alitoa cha Shaweji, akaishi hadi akaota mvi, akisimulia vita barazani na watu wakimjazia kahawa. Katika masimulizi yale yote sikumsikia hata mara moja akilitaja jina la mtoto yule.

Alipokufa nilikwenda msibani, kwa kuwa damu ni damu. Ilipofika saa ya kuombwa tumsamehe marehemu, ukumbi mzima uliitikia kuwa umemsamehe. Mimi sikuitikia.