Nyanya Chini ya Migomba

Mama aliporudi kwao Muleba, mimi nilibaki Ijuganyondo kwa bibi mzaa baba, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilikuwa na jambo moja la kumwomba mama: anichukue nikakae naye. Lakini mdomo wangu mzito. Hata darasani namjibu mwalimu nikitazama sakafu. Nikaona nikienda kumwona Pasaka na kikapu cha nyanya, maneno yatapata pa kuanzia.

Nilizipanda kibanjani, katikati ya migomba. Kwetu kila kitu cha thamani hupandwa humo, penye samadi na maganda ya jikoni. Nikazifunika kwa nyasi kavu mpaka shingoni, kama tunavyofunika mgomba.

Zilirefuka upesi, nyembamba, majani tele, maua ya kuhesabu. Nilifurahi! Bibi akapita na jembe, akasimama.

"Mwana wange, hizo unazilea au unazificha?"

"Nazilea, bibi."

"Haya. Nyanya si mgomba."

Sikumsikiliza. Nilidhani hataki zimfikie mama.

Masika yakaanza. Majani yakatoka madoa ya kahawia, yakanyauka kama yaliyobabuliwa na moto. Mashina yakaoza palepale nilipoyafunika. Kila jioni nilichuma majani mabovu peke yangu, mpaka vikabaki vijiti. Nikapata nyanya tatu, mbichi, moja ina doa jeusi kitakoni.

Pasaka ilipofika, mama alinipokea stendi ya Muleba basi liliposimama. Nilimwamkia kwa sauti ya chini, nikampa kikapu.

"Tatu?" Akacheka. "Ulizipanda wapi?"

"Kibanjani."

"Ee! Umezifungia kama bibi harusi! Zipande mbele ya nyumba, zipate jua na upepo. Na shina usilirundikie nyasi."

Nikamweleza yote: mvua, madoa, yale majani ya kila jioni. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja. Alinisikiliza huku akizigeuzageuza zile nyanya kwenye khanga yake. Kisha honi ikapigwa, nikapanda basi la kurudi.

Ningependa kuandika kwamba nilisahau kumwomba. Si kweli. Niliogopa angesema hapana.

Jumatatu nilichimba mashimo mbele ya nyumba. Bibi alileta mbegu, akaziweka kizingitini, akaondoka bila kuuliza habari za Muleba. Miche sasa ina majani manne. Naikagua asubuhi kabla ya shule, na hapo ndipo najizoeza kulisema lile ombi, kwa sauti, kwa kuwa hakuna anayesikia.